Kwadi ya Njombe iliyoshuka Paje: kabureta imesafishwa, mbona bado haivuti?

Kwadi yenyewe, pikipiki ya magurudumu manne, ni ya Kichina, silinda moja, cc 250, ya kupozwa kwa upepo. Injini yake ni ya ukoo wa CG, ule ambao Honda waliuanzisha miaka ya 1970 na pikipiki ya CG125, na ambao viwanda vya China vimeuiga na kuuongezea ukubwa hadi leo. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ni PZ30: koo la kupitishia hewa la milimita 30, slaidi (kizibo kinachopanda na kushuka kooni) inavutwa moja kwa moja na waya, choki ni ya kupandisha kwa kidole pembeni. Anayefungua kabureta za bodaboda kila siku hatakuta humu kitu kigeni. Tofauti iko kwenye usukani: kwadi haina mkono wa kuzungusha, ina kiwiko kinachosukumwa kwa dole gumba.

Historia yake naieleza kwanza, kwa kuwa nusu ya jibu ilikuwa humo na hakuna aliyekuwa ameiuliza. Kwadi hii ilianza kazi kwenye shamba la maparachichi Njombe, mwinuko wa karibu mita 2,000, kwenye baridi. Ikauzwa, ikapakiwa lori hadi Dar, ikavuka na boti ya mizigo kuja Unguja, ikanunuliwa na kijana anayetembeza wageni kwa kwadi pale Paje. Alikuwa nazo mbili nyingine za aina hiyohiyo, zilizofika pwani zikiwa mpya. Msimu wa Disemba hadi Februari ya Njombe ilifanya kazi, ila kwa uvivu. Wenzake walikuwa wanaisubiri. Baadaye vibanio vya kifuniko cha boksi la filta vikakatika, naye akalitoa boksi zima na kufunga filta ya wazi, ile yenye umbo la pia inayobanwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta. Ikaja masika, wageni wakapungua, kwadi ikakaa chini ya banda la makuti na petroli yake tangini. Juni ilipotakiwa tena, ikagoma.

Malalamiko aliyonipa yalikuwa haya. Haiwaki bila choki. Ukishusha choki, inazima. Ikikubali kutembea, mwendo wa pole inakatakata. Katikati inavuta kidogo. Ukisukuma kiwiko hadi mwisho inakosa nguvu utadhani mafuta yameisha. Ukiachia ghafla inapiga makombora kwenye ekzosi. Na jioni, giza likianza, shingo ya ekzosi inaonekana nyekundu.

Tayari fundi wa jirani alikuwa ameisafisha kabureta, zaidi ya mara moja. Kila mara ilipata nafuu, halafu ikarudi. Alikuwa amebadilisha plagi na koili pia. "Fundi, mi naona hii injini imechoka tu," kijana akaniambia. Nikamjibu, "Injini iliyochoka haiponi kwa choki, mwanangu. Tuitazame kwanza."

Maelezo yake, ukiyapanga vizuri, yana ramani ndani. Kabureta ya slaidi ina njia tatu za mafuta zinazopokezana. Slaidi ikiwa karibu imefungwa, kuanzia sailensa (injini inaunguruma yenyewe bila kusukuma kiwiko) hadi kama sehemu moja ya nane ya ufunguzi, anayelisha ni jeti ndogo (jeti ni kipande cha shaba chenye tundu la kupimia mafuta) pamoja na skrubu ya mchanganyiko. Kutoka robo hadi robo tatu, mwenye amri ni sindano ndefu inayoning'inia kwenye slaidi. Kuanzia robo tatu hadi mwisho, jeti kuu. Mipaka yake si ya kukatwa kwa kisu, hizi njia zinaingiliana, lakini inatosha kukuambia uanzie wapi. Kwa hiyo nilibandika utepe wa karatasi kwenye nyumba ya kiwiko, nikachora mstari wa robo, nusu na robo tatu, nikamwambia aendeshe mwenyewe, na kila inapoharibika atazame kiwiko kiko mstari gani. Dereva wa kawaida akiulizwa hujibu "inamisi." Akiwa na utepe hujibu "inamisi hapa."

Jibu likawa: chini mbaya sana, katikati hafifu, juu mbaya. Zote tatu. Hali hiyo humfanya fundi aseme "kabureta chafu" na kuchukua bisibisi, na mara nyingi atakuwa sahihi. Lakini kuna vitu vinne nje ya kabureta vinavyoweza kuleta picha hiyohiyo, na kuviangalia hakuchukui muda wa kunywa chai.

Kwanza, mafuta yanafika? Nilichomoa mpira wa petroli, nikaufungulia kwenye chupa huku kifuniko cha tangi kimefungwa kabisa, nikauacha utiririke kwa dakika kadhaa. Kifuniko kina kitundu cha kupumua. Kikiziba kwa mchanga na chumvi, mafuta huanza vizuri halafu hufifia kwa sababu tangi linavuta ombwe. Wengi hupima kifuniko kikiwa wazi, na hapo hawapimi kitu. Hapa mtiririko ulikuwa sawa, ila ndani ya chupa kulikuwa na matone yaliyotulia chini na vijichembe vyekundu. Maji na kutu.

Pili, hewa ya kuiba. Mpira unaounganisha kabureta na injini hupasuka kwa chini, mahali usipopaona. Injini ikiwa inaunguruma kwa msaada wa choki, nilipuliza maji kwa chupa ya kunyunyizia kuzunguka kiungio. Mlio haukubadilika. Salama. Mafundi wengine hutumia petroli au dawa ya kupuliza kwa kipimo hiki. Karibu na shingo ya ekzosi inayong'aa nyekundu sikushauri.

Tatu, valvu. Injini baridi, tapeti (mwanya wa valvu) zikapimwa, zilikuwa kwenye nafasi yake. Nne, mgandamizo na moto wa plagi, vyote vizima.

Halafu kikaja kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa kuwa hakitaki kifaa. Kwadi ikiwa barabarani, kiwiko hadi mwisho, inapoanza kukosa nguvu, pandisha choki kidogo. Choki hupunguza hewa na kuongeza mafuta. Ikizidi kufa, ilikuwa imeshiba mafuta. Ikifufuka, ilikuwa na njaa. Ilifufuka. Iliruka mbele kiasi cha kijana kucheka. Tulishajua kwamba mafuta ni machache kuliko hewa kotekote, na ule wekundu wa shingo ukapata maelezo: mchanganyiko wenye hewa nyingi huwaka polepole na moto wake hufuata hadi kwenye ekzosi. Ukiendelea kuendesha hivyo, valvu ya kutolea moshi ndiyo inayolipa.

Swali lililobaki: mafuta ni machache kwa sababu njia zimeziba, au kwa sababu njia zenyewe ni ndogo? Barabarani hali hizo mbili zinafanana kabisa. Ili kuzitenganisha, lazima kwanza uchafu uondoke wote, si nusu yake.

Nje ya kabureta ilisuguliwa kwa brashi kabla ya kuguswa bisibisi, maana mchanga wa Paje ni laini na huingia popote. Skrubu za bakuli, kile kibakuli cha chini cha kabureta kinachotunza mafuta, zilikuwa zimeshaliwa vichwa, alama ya mikono iliyotangulia. Nimeziweka za alenki. Bakuli lilimwagwa kwenye gilasi. Chini kulikuwa na maji tena, na ukutani unga mweupe, ule ambao maji yenye chumvi hutengeneza kwenye aloi ya zinki. Petroli iliyokauka wakati wa masika ilikuwa imeacha gamba la rangi ya asali, lenye harufu kali ya rangi ya mbao.

Jeti ndogo ilikuwa imeziba. Kwa macho ilionekana wazi, mwanga unapita. Lakini ukiitazama kwa kioo cha kukuza, tundu lilikuwa limepungua kwa gamba upande mmoja na kuchubuliwa upande wa pili. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nafuu ilikuwa haidumu. Aliyetangulia alikuwa anachokoa kwa waya wa breki. Waya wa chuma una nguvu kuliko shaba nyeupe ya jeti. Unatoa uchafu na unatoa na jeti yenyewe. Jeti ikishachubuliwa, namba iliyoandikwa juu yake haina maana tena, na huwezi kujua umerekebisha nini kwa kubadilisha nini. Kama ni lazima kuchokoa, tumia uzi mmoja wa shaba laini uliotolewa kwenye waya wa umeme, au unyoya mgumu wa brashi. Hii ilikuwa namba 38. Ikatupwa, ikaletwa mpya.

Mrija wa mchanganyiko, ule wenye matundu pembeni unaokaa juu ya jeti kuu, ulikuwa haujawahi kutolewa. Fundi aliyeng'oa jeti kuu alidhani amemaliza. Mrija haukutoka kwa bisibisi; ulisukumwa kutoka upande wa koo kwa kijiti cha mti. Matundu yake karibu nusu yalikuwa yamefunikwa. Kazi ya matundu hayo ni kuingiza hewa kwenye mafuta kabla hayajafika kooni ili yavunjike kuwa ukungu. Yakiziba, vipimo vya katikati vyote vinapotea.

Skrubu ya mchanganyiko nayo ina adabu yake. Kabla ya kuitoa, iingize ndani polepole huku ukihesabu mizunguko hadi iguse, uandike, ndipo uitoe. Nyuma yake kuna springi, washa ndogo na oringi. Oringi mara nyingi hubaki ndani ya tundu, na ukipuliza dawa inavimba na kuziba njia uliyokuwa unaifungua. Kisha, kuna vitundu vidogo sana kwenye sakafu ya koo, karibu na ukingo wa slaidi, ambavyo jeti ndogo hupitishia mafuta. Usafishaji haujaisha mpaka upulize dawa kwenye njia ya jeti ndogo na uone inatoka kwenye vitundu hivyo vyote, mmoja mmoja. Aliyetangulia alikuwa anapuliza hewa ya kompresa tu na kufunga.

Kuna watu watakuuliza habari za kuchemsha kabureta kwenye maji ya ndimu. Inasafisha, siwezi kubisha. Asidi ya ndimu inakula unga mweupe na rangi ya kijani kwenye jeti. Ila inakula na zinki yenyewe. Ukiisahau usiku kucha, asubuhi unatoa kitu cheusi chenye mashimo. Dakika chache, maji moto ya kusuuza, hewa ya kukausha, basi. Kwa gamba la petroli ndimu haina msaada. Hilo linataka dawa ya kabureta au petroli safi na subira.

Boya, lile linalozuia mafuta yasizidi kwenye bakuli, lilipimwa kwa mpira mwangavu uliochomekwa kwenye tundu la kumwagia bakuli na kuinuliwa pembeni: mafuta yalisimama milimita chache chini ya ukingo wa bakuli, usawa uleule wa kwadi nyingine mbili. Sindano ya boya ilikuwa na mfuo kwenye ncha yake ya mpira, ikabadilishwa. Tangi lilimwagwa na kusuuzwa, na filta ndogo ya petroli ikafungwa kwenye mpira. Petroli ya chupa ya kando ya barabara nilimwomba aachane nayo. Inakaa juani, inaingia maji, na haijulikani ilipimwa na nini.

Kabureta ikafungwa, safi kabisa, jeti ndogo mpya. Ikawaka. Ikakaa sailensa bila choki, mara ya kwanza tangu masika. Kijana alitaka kunilipa palepale.

Tulipoitoa barabarani na utepe wake, robo ya chini ilikuwa nzuri. Nusu, hafifu. Mwisho, njaa ileile. Choki ikipandishwa, nguvu inarudi. Yaani usafi ulitibu ugonjwa mmoja, na uliobaki ukaonekana peke yake, bila kusingiziwa uchafu.

Wakati wa kusafisha nilikuwa nimeandika namba. Jeti kuu ya kwadi hii: 105. Klipu inayoishikilia sindano kwenye slaidi: mtaro wa juu kabisa, maana yake sindano inashuka chini na kubana mafuta. Nikafungua kabureta ya mwenzake iliyokuwa inafanya kazi bila shida: jeti kuu 110, klipu mtaro wa katikati. Mashine moja, kiwanda kimoja, kabureta moja, vipimo viwili. Mtu alikuwa ameibadilisha hii, na aliibadilisha Njombe.

Na hakukosea. Kwenye mita 2,000 kanieneo la hewa ni takriban asilimia 79 ya lile la ufukweni. Ukitia hesabuni baridi ya kule na joto la huku, hewa ya Njombe ni nyepesi kuliko ya Paje kwa karibu asilimia 18. Injini inavuta ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo kuna hewa pungufu. Mafuta nayo yanapungua, ila hayapungui kwa kiwango hicho. Mafuta yanafuata kipeuo cha pili cha mvuto wa koo, kwa hiyo hewa ikishuka kwa asilimia 18, mafuta yanashuka kwa kama asilimia 9 au 10 tu. Matokeo ni mafuta kuzidi kwa asilimia 10 hivi: moshi mweusi, plagi yenye masizi, injini nzito. Tiba ni jeti kuu yenye tundu dogo zaidi.

Sasa tazama alichofanya. Kwenye jeti za namna hii namba inakaribiana na upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. 110 ni kama milimita 1.10. Kinachopitisha mafuta ni eneo la tundu, si upana, kwa hiyo unazidisha namba kwa namba yenyewe. 105 kwa 105 ni 11,025. 110 kwa 110 ni 12,100. Ya kwanza ni pungufu kwa asilimia 9. Fundi wa Njombe, kwa hesabu au kwa sikio, aliipata pale panapotakiwa. Kwadi ilishuka kutoka mlimani na marekebisho ya mlimani tumboni, ikakutana na hewa nzito ya usawa wa bahari, na kila usafishaji uliofanyika Paje ulikuwa unairudisha kwa uaminifu kwenye hali ya Njombe.

Juu ya hapo kijana akatoa boksi la filta. Boksi si pambo. Mdomo wake mwembamba unaleta upinzani kidogo, na jeti ya kiwandani imepangwa ikijua upinzani huo upo. Ukiliondoa, hewa inaongezeka na mafuta hayajui. Ndiyo sababu msimu wa kwanza ilikuwa mvivu tu, na baada ya filta ya wazi ikawa mgonjwa.

Kariakoo jeti huuzwa kwa pakiti za namba mchanganyiko, na kijana aliagiza ya kutoka 105 hadi 120. Kabla sijafunga hata moja nilizipima, kwa kuwa namba za jeti za bei rahisi si za kuaminiwa kwa kuangalia tu. Kipimo ni bomba kubwa la sindano la hospitali bila pistoni yake: chini unachomeka kipande cha mpira, kwenye mpira jeti, unajaza maji hadi mstari, unaachia yatoke yenyewe huku saa ya simu inahesabu. Jeti ya 110 iliyotoka kwenye kwadi nzima ikawa ndiyo kipimo cha kulinganishia. Katika pakiti kulikuwa na mbili zilizoandikwa 110. Moja ilikwenda sambamba na ile nzima. Nyingine ilichelewa waziwazi, karibu sawa na 105. Ningeichukua hiyo bila kupima ningesema kubadilisha jeti hakusaidii, na ningeanza kutafuta mchawi kwingine. Kuhusu wanaotoboa jeti kwa keekee ndogo ili "kuikuza," au kuiziba kwa risasi na kutoboa upya: tundu la jeti lina mteremko wa kuingilia na kutokea ulionyooshwa kwa mashine, na keekee ya mkononi inaacha makovu. Namba itakuwa yako peke yako.

Mpangilio wa kurekebisha ni juu kwanza, halafu kati, chini mwisho. Wengi huanza na skrubu ya mchanganyiko kwa sababu iko nje na haitaki kufungua kitu, wanazungusha hadi sailensa inapendeza, halafu wanashangaa mwendo wa kasi haujabadilika. Haiwezi kubadilika, skrubu ile haina sauti kule juu. Anza na jeti kuu hadi mwisho wa kiwiko uwe sawa, ndipo ushuke kwenye klipu, ndipo skrubu.

Tatizo la Unguja ni kwamba hakuna mlima wa kubebesha injini mzigo. Tulitumia barabara ya vumbi ya nyuma ya vijiji, kati ya Bwejuu na Jambiani, tukapakia watu wawili na kuchagua sehemu zenye mchanga mzito. Mwanzo tulijaribu na filta ya wazi ikiwa bado imefungwa, kwa sababu kijana alikuwa anaipenda sauti yake. Kwa 110 njaa ilipungua ila haikuisha. Kwa 115 mwisho wa kiwiko ukawa na nguvu kamili, choki ikipandishwa haisaidii tena bali inaharibu, dalili kwamba umefika. Nikadhani tumemaliza juu.

Lakini katikati ikawa na tabia ya ajabu. Tukielekea Bwejuu ilikuwa laini. Tukirudi kuelekea Jambiani ilikuwa inashikashika kwenye nusu. Njia ileile, mzigo uleule. Ilikuwa ni kusi. Miezi ile upepo wa kusi unapiga pwani ya mashariki mchana kutwa, wanaoteleza baharini kwa kuvutwa na tiara wanaufuata hadi Paje kutoka nchi za mbali, nao ulikuwa unaikuta filta ya wazi kwa mbele na ubavuni. Kanieneo kwenye mdomo wa kabureta lilikuwa linabadilika kulingana na mahali kwadi ilipoelekea, wakati bakuli linapumua kupitia mpira wake mahali pengine palipotulia. Mafuta yanasukumwa kwa tofauti ya sehemu hizo mbili. Hakuna jeti ya kutibu upepo.

Hapo nikamwambia wazi kwamba sitaendelea na filta ile. Alikuwa pia na kwadi ya nne, iliyokufa gia, imelala nyuma ya banda kwa ajili ya vipuri. Boksi lake lilikuwa zima, vibanio vinne vyote vipo. Tukalihamisha, tukaosha sponji yake, tukaipaka oili na kuikamua. Kwa mchanga wa pale hiyo sponji yenye oili ina thamani kuliko nguvu yoyote ya ziada. Mchanga ukipita kooni unakwenda moja kwa moja kwenye ringi za pistoni.

Boksi likiwepo, 115 ikawa nyingi mno. Mwisho wa kiwiko ukawa mzito na unakoroma. 110 ile iliyopimwa ikarudi, na safari hii ikakaa. Kuthibitisha nilifunga plagi mpya, akaendesha kiwiko kikiwa mwisho kwa umbali wa kutosha, akazima kwa swichi bila kuachia kwanza, akasimama, nikaitoa. Rangi ya porcelaini kwa juu haisemi sana siku hizi kwa petroli isiyo na risasi. Tazama chini kabisa kwenye mzizi wake, pale inapoingia kwenye chuma. Kulikuwa na pete nyembamba ya kahawia. Kwa plagi iliyotangulia, ile ya siku za njaa, mzizi ulikuwa mweupe kama chaki.

Klipu niliishusha hadi mtaro wa katikati, kama ya mwenzake. Nusu ya kiwiko ikawa laini pande zote mbili za upepo. Sikuhitaji kuigusa tena.

Skrubu ikaja mwisho, injini ikiwa moto kamili. Kwenye hii iko upande wa injini, kwa hiyo ukiifungua unaongeza mafuta. Zile zilizo upande wa filta huongeza hewa zikifunguliwa, na kuzichanganya ni chanzo cha vichekesho vingi gereji. Inazungushwa polepole hadi mlio upande kabisa, halafu sailensa inashushwa kwa skrubu yake, halafu inarudiwa. Ilitulia kwenye mizunguko miwili na kitu. Kama ingetaka zaidi ya mitatu ningeongeza jeti ndogo kuwa 40. Kama ingetaka chini ya mmoja ningeipunguza. Kwa hiyo 38 mpya ilibaki.

Shingo ya ekzosi haikung'aa tena jioni. Makombora ya kuachia yalipungua sana lakini hayakuisha, na kijana akaanza kuitazama kabureta kwa jicho baya. Hayakuwa ya kabureta. Gasketi ya pete pale ekzosi inapoungana na kichwa cha injini ilikuwa imeungua, pengine kwa lile joto la wiki za njaa, na ilikuwa inavuta hewa safi kila unapoachia mafuta. Hewa hiyo ikikutana na mabaki yasiyoungua ndani ya bomba, inalipuka. Mkono ukiuweka karibu na kiungio wakati wa kuwasha baridi, unausikia upepo unapiga. Pete mpya, nati mbili, kimya.

Swali lake la mwisho lilikuwa lile la wengi: "Fundi, si ningenunua kabureta mpya tu, ni rahisi?" Ni rahisi kweli, na kwa kabureta ambayo mwili wake umekula chumvi au slaidi inacheza kooni ningemwambia anunue. Alinunua moja hata hivyo, ya akiba. Tuliifungua kabla ya kuiweka stoo. Ndani ya bakuli kulikuwa na vumbi la chuma la kiwandani, jeti kuu ni 115, na sindano yake haina mitaro ya klipu kabisa, imefungwa kwenye kimo kimoja. Imesafishwa, imetiwa 110 nyingine iliyopita kwenye bomba la maji, na kwenye mfuko wake kuna karatasi inayosema sindano ihamishwe kutoka kabureta ya zamani siku itakapofungwa.